Agamemnon Sokoni Kigoma

Mzungu mmoja mwembamba amesimama mbele ya kioo cha duka katika mji wa Afrika, kamera mikononi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Kioo kinamrudishia sura yake mwenyewe, naye anaeleza kwa Kiitaliano kilichomleta. Hakuja kutengeneza filamu, wala hakuja kupiga picha za habari. Amekuja kukusanya dondoo za filamu ambayo bado haipo. Filamu hiyo ikitimia itakuwa tamthilia ya Aeschylus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, na watakaoicheza ni watu wa Afrika ya leo.

Ndivyo inavyoanza *Appunti per un'Orestiade africana*, yaani Dondoo za Orestia ya Kiafrika, kazi ya Pier Paolo Pasolini. Picha zake zilipigwa Tanzania na Uganda kati ya mwisho wa 1968 na mwanzo wa 1969, kwa mkanda wa milimita 16. Ni filamu ya saa moja na dakika chache tu. Ile kubwa iliyokusudiwa haikutengenezwa kamwe. Dondoo ndizo zilizobaki, zikawa filamu yenyewe.

Anayefuatilia historia ya kamera za kigeni nchini Tanzania hukumbuka kwanza *Hatari!* ya 1962, John Wayne akiwafukuza vifaru kwa gari katika nyika za kaskazini. Mle wanyama ndio waliofuatwa. Pasolini alifuata watu. Alizunguka sokoni, shuleni, viwandani na vijijini akimtafuta mfalme, malkia, mwana aliyerudi kutoka uhamishoni na binti anayemlilia baba. Hiyo ni heshima, tena si ndogo. Lakini ndani ya heshima hiyo kuna jambo linalouma. Nyuso alizozipata hazina majina, na kwa sehemu kubwa hazisemi. Anayesema kwa niaba yazo ni mgeni mwenye kamera. Na miaka ileile, katika nchi ileile, walikuwapo watu waliokwisha kuanza kuandika na kutafsiri tanzia kwa Kiswahili, baadhi yao katika chuo kilekile alichokipiga picha.

Mswahili akilisikia neno tanzia hufikiri kwanza msiba: tangazo la redioni, jina la marehemu, orodha ya ndugu wanaoarifiwa, mahali na saa ya maziko. Wahakiki wa fasihi walilichukua neno hilo wakaipa tamthilia inayoishia katika maangamizi, na walichagua vizuri, maana Orestia ni msiba wa nyumba moja usiotaka kwisha matanga.

Agamemnon, mfalme, anarudi kutoka vita vya Troy vilivyochukua miaka 10. Ili apate upepo wa kusukuma merikebu zake, alimtoa kafara binti yake Iphigenia. Mkewe, Clytemnestra, hajasahau. Anamtandikia vitambaa vya thamani apite juu yake, anamwingiza ndani akaoge, anamtupia vazi kama wavu, anamuua. Anamuua pia Cassandra, mateka aliyetoka Troy, mwanamke aliyejaliwa kuyaona yajayo na kulaaniwa asisadikiwe na mtu. Miaka inapita. Mwana, Orestes, anarudi na rafiki yake Pylades, anakutana na dada yake Electra kwenye kaburi la baba, kisha anamuua mama yao. Sasa damu ya mama nayo inadai. Erinyes, mizimu ya kike ya kisasi, inamwandama Orestes hadi hekalu la Apollo kule Delphi, na kutoka hapo hadi Athens. Huko mungu wa kike Athena anafanya jambo ambalo halijapata kufanywa: anawaketisha raia wasikilize shauri na wapige kura. Kura zinalingana, na kwa kura ya Athena kijana anaachiliwa. Mizimu inafoka na kutishia kuiangamiza nchi. Athena haifukuzi. Anaibembeleza, anaipa makao chini ya mji na sehemu yake ya ibada, nayo inageuka kuwa Eumenides, Wenye Nia Njema.

Aeschylus aliionyesha trilojia hii, yaani tamthilia tatu zinazofuatana, mwaka 458 kabla ya Kristo. Waliokuwa wameketi siku ile walijua kinachosemwa. Miaka michache tu nyuma, mwanasiasa Ephialtes alikuwa ameipokonya mahakama ya kale ya Areopago sehemu kubwa ya madaraka yake, akauawa kwa ajili hiyo. Tamthilia ilizungumzia mji unaobadili namna ya kujitawala huku maiti zikiwa bado hazijapoa.

Pasolini aliijua Orestia kwa undani, neno kwa neno. Alizaliwa Bologna mwaka 1922, akawa mshairi na mwandishi wa riwaya kabla ya kugusa kamera, na mwaka 1960 alimtafsiria mwigizaji Vittorio Gassman trilojia yote kwa Kiitaliano, ikaigizwa katika ukumbi wa kale wa mawe huko Syracuse, Sicily. Mwaka huohuo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mambo haya mawili yalikutana kichwani mwake na hayakuachana tena. Kilichomvuta katika Orestia ni ule mwisho wake: ya kale hayauawi, yanapewa mahali pa kukaa ndani ya mapya. Aliona kwamba Afrika ilikuwa inapita katika mlango uleule, ikitoka katika maisha ya ukoo na kabila na kuingia katika dola lenye katiba na mahakama, na akajiuliza kama mizimu ya kale ingepewa makao au ingetupwa nje.

Swali hilo hakulitunga bila kujaribu njia. Mwaka 1967 alitoa *Edipo Re*, Mfalme Oedipus wa Sophocles akitembea katika jangwa la Moroko kati ya ngome za udongo, amevaa mavazi yasiyo ya nchi wala zama zozote. Filamu ile inaanzia Italia ya utoto wake mwenyewe na mwishoni inarudi huko, katika mitaa ya Bologna, kipofu akipiga filimbi. Mwaka 1969 ikafuata *Medea*, iliyopigwa katika majabali ya Kapadokia nchini Uturuki, huko Aleppo na kwingineko. Nafasi ya Medea alimpa Maria Callas, mwimbaji wa opera aliyekuwa na sauti mashuhuri kuliko zote za wakati wake, na katika filamu nzima Callas haimbi. Kati ya hizo mbili ndipo alipokuja Afrika Mashariki. Bara lenyewe halikuwa geni katika fikra zake: mapema katika miaka ya 1960 alikuwa ameandika mwongozo wa filamu kuhusu Kongo, *Il padre selvaggio*, ambao haukupigwa picha.

Tanzania aliyoikuta ilikuwa na miaka miwili tangu Azimio la Arusha la Februari 1967. Ujamaa ulikuwa neno la kila siku. Mwalimu Nyerere alikuwa ameeleza tangu 1962, katika kijitabu chake cha kwanza kuhusu ujamaa, kwamba msingi wake ni familia ya Kiafrika ya kale, na kwamba kinachotakiwa ni kuupanua udugu wa ukoo uwe udugu wa taifa. Ukiisoma hoja ile kwa macho ya Pasolini, unaona kwa nini nchi hii ilimvutia. Alichokuwa anakitafuta katika kitabu cha Aeschylus, rais wa nchi alikuwa amekwisha kukiweka kwenye siasa ya nchi.

Sehemu za Kigoma ni miongoni mwa zilizo bora katika filamu. Kamera inapita sokoni polepole, inasimama kwenye uso mmoja, inaondoka, inarudi. Pasolini anaeleza kwamba mhusika mkuu wa filamu yake atakuwa korasi, lile kundi la wananchi ambalo katika tanzia ya Kigiriki husimama kando ya mkasa na kuuliza, kuogopa, kukumbuka na kuonya. Mtu aliyezoea ngoma za kwetu atalielewa kundi hilo upesi kuliko msomi wa Ulaya: ni waitikiaji, na bila mwitikio kiongozi hana wimbo. Wachuuzi, wafanyakazi wa kiwandani, wanafunzi wa shule iliyobeba jina la Livingstone, wote wanapita mbele ya kamera kama watu wa Argos, mji wa Agamemnon. Mzee huyu uso wake ungemfaa Agamemnon. Kijana yule angeweza kuwa Orestes. Mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi, Clytemnestra.

Kwa Electra alikwama. Anasema hamuoni, kwa sababu wasichana wa Kiafrika anaokutana nao wanaonekana hawajui lingine ila kucheka.

Hapo mtazamaji wa huku anasita. Msichana anayecheka mbele ya kamera ya mgeni anacheka kwa haya, au kwa kumstaajabia mgeni, au kwa sababu wenzake wako nyuma wanamtania. Jioni ileile anaweza kuwa matangani, kanga kichwani, akiomboleza kwa sauti itakayowanyamazisha waliokaa ukumbini. Pasolini hakumuona Electra kwa sababu alipiga hodi mchana, sokoni. Kosa hili dogo linaonyesha ugumu wa kazi nzima: uso unaweza kuusoma ukiwa mpita njia, lakini msiba wa mtu huingii bila kukaribishwa.

Mahali pengine alipatia kwa namna ya kushangaza. Alihitaji kuionyesha mizimu ya kisasi, na akakataa kumvika mtu kinyago. Akaipiga picha miti: miti mikubwa peke yake, upepo ukiipinda na kuitikisa, matawi yakiyumba juu ya ardhi tupu. Miti hiyo ndiyo Erinyes, anasema, na hakuna zaidi. Kwa watu ambao babu zao waliweka ubani na kitambaa chekundu chini ya mbuyu, na ambao hata leo hawapendi kuukata mkuyu fulani pale kijijini, uamuzi huo hauhitaji ufafanuzi. Huenda yeye alifika hapo kwa njia ya ushairi tu. Lakini ni mahali ambapo Wagiriki wa kale na wakulima wa Tanzania wanaangalia kitu kimoja, na kamera ipo.

Kwa vita vya Troy alichukua picha za Biafra. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vilivyoanza 1967 na kwisha Januari 1970, vilikuwa vinaendelea alipokuwa anatengeneza filamu, na picha zake zilikuwa katika televisheni za dunia yote. Wanajeshi wanakimbia, maiti zimelala, mtu mmoja anapigwa risasi mbele ya kamera. Ni vigumu kuzitazama. Mtu aliyeuawa kweli anapofanywa mfano wa aliyeuawa katika kitabu, kuna kitu anachopunguziwa, hata kama nia ni njema. Na huko Nigeria kwenyewe palikuwa na mwandishi aliyekuwa anavishughulikia vita vilevile kwa tanzia ya Kigiriki: mwishoni mwa 1968, Ola Rotimi alionyesha mjini Ife *The Gods Are Not to Blame*, Mfalme Oedipus akiwa amehamishiwa nchi ya Wayoruba, na ugonjwa wa nchi ukiwa ni watu kushukiana kwa asili zao. Pasolini alifikiri anatega sikio kwenye jambo lisilo na msemaji. Msemaji alikuwepo, naye alikuwa na jukwaa.

Kisha filamu inakatika ghafla na kuhamia Roma, katika klabu ya muziki. Pasolini anaeleza kwamba limemjia wazo jipya: Orestia isisemwe, iimbwe, tena kwa jazi, na waimbaji wawe Wamarekani Weusi. Mwargentina Gato Barbieri anapuliza saksofoni, Marcello Melis yuko kwenye besi na Don Moye kwenye ngoma, huku Yvonne Murray na Archie Savage wakiimba sehemu ya Cassandra. Hawaimbi kwa utamu. Wanapiga kelele, wanakwama, wanarudia neno mpaka linapasuka. Sababu aliyoitoa ni kwamba Weusi wa Marekani ndio viongozi wa mapinduzi ya watu wa dunia ya tatu; mtu anaweza kuibishia, lakini sauti yenyewe haibishiwi. Cassandra ni mwanamke aliyetekwa, akavushwa bahari, akafikishwa katika nyumba ya bwana wake, na anajua kitakachotokea ndani. Murray anapolia kwa Kiingereza cha Marekani, historia ya merikebu nyingine kabisa inaingia chumbani.

Hekalu la Apollo likawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Aliyewahi kupanda Mlimani atajua mara moja kwa nini. Delphi iko mbavuni mwa mlima Parnassus. Chuo kiko juu ya kilima magharibi ya mji, na majengo yake meupe huonekana kwa mbali. Kilianza 1961 kikiwa kitivo cha sheria katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, na wakati Pasolini anakipiga picha kilikuwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Katika filamu Pasolini anatazama duka la vitabu, anasoma majalada, na anaona mvutano: mwili wa chuo ni wa Kiingereza, na fikra zinazoingia ndani yake zinatoka kila upande wa dunia.

Aliona sawasawa, ingawa aliona kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400 kwa siku moja. Mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha wanafunzi wa kimapinduzi ambacho mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, kijana kutoka Uganda aliyesoma hapo hadi 1970. Mwanahistoria Walter Rodney alirudi kufundisha hapo 1969. Hekalu lilikuwa na makelele ya kutosha.

Na lilikuwa na tamthilia. Hapa ndipo filamu ya Pasolini inapomfanya mtu atamani kumshika mkono na kumwongoza mlango wa pili. Nyerere alikuwa ametafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare na kuichapisha 1963, mwaka mmoja tu tangu nchi iwe jamhuri, kisa cha wakuu wanaomuua kiongozi kwa kuhofia atajifanya mfalme. Mwaka 1969, filamu ya Pasolini ikiwa bado inahaririwa, tafsiri hiyo ilitoka tena ikiwa imerekebishwa na kupewa jina *Juliasi Kaizari*, na mwaka huohuo ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Samuel Mushi alikuwa ameitoa *Makbeth* mwaka 1968. Mwaka 1971 Mushi akamleta Sophocles mwenyewe: *Mfalme Edipode*. Kwa hiyo Oedipus aliyekuwa ametembea jangwa la Moroko akisema Kiitaliano, alisema Kiswahili miaka minne baadaye, na Waswahili wakamsoma shuleni.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyesoma sanaa za maonyesho hapo Mlimani. *Kinjeketile* yake ilichapishwa 1969. Haikutafsiri tanzia, iliizaa upya kutoka katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mtu mmoja anapandwa na roho ya majini, anarudi na dawa itakayoziunganisha jamii zilizogawanyika dhidi ya Wajerumani, kisha anatambua kwamba imani aliyoiamsha imemshinda nguvu na inawapeleka watu mbele ya bunduki. Anaweza kuikana ile dawa na kuokoa roho yake. Hakubali. Humo mna mizimu, mna jamii zinazojitahidi kuwa taifa, mna mtu anayekamatwa kati ya mkono wa mambo ya kale na mkono wa historia. Kila alichokuwa Pasolini anakitafuta kimo katika kitabu kile chembamba, kwa lugha ambayo wale watu wa sokoni Kigoma wangeielewa bila mkalimani.

Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kutosoma kitabu kilichokuwa kinachapishwa alipokuwa njiani. Cha kumheshimia ni kwamba aliacha mlango wazi, na wenye hoja wakaingia. Katikati ya filamu, na tena mbele kidogo, anaonekana katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Roma akiwa na wanafunzi wa Kiafrika. Amewaonyesha picha zake, na anawauliza: je, filamu hii iwekwe katika Afrika ya 1960, mwaka wa uhuru, au katika Afrika ya leo, ya 1970? Na je, Afrika inafanana na Orestia?

Wanafunzi hawamtii. Wa kwanza anasema yeye ni wa Ethiopia na hawezi kujibu kwa niaba ya Afrika; Afrika ni bara, si taifa. Mwingine hapendi neno kabila linavyotumika, kana kwamba maisha yote ya Waafrika kabla ya Wazungu yalikuwa giza linalosubiri mahakama. Pasolini anabishana, anajieleza, anataja Nigeria kama nchi ambayo mipaka yake ilichorwa na wakoloni. Hoja yake haipati ushindi. Na jambo la ajabu ni kwamba aliyeshika mkasi wa kuhariri ni yeye mwenyewe, na hakuikata sehemu hiyo. Watengenezaji wengi wa filamu wangeitupa. Yeye aliiweka mahali ambapo kila mtazamaji lazima apite, na tangu hapo mtu hawezi tena kuzitazama zile nyuso za Kigoma bila kumkumbuka yule Mwethiopia.

Mwisho wa filamu kunatakiwa mizimu igeuke kuwa Wenye Nia Njema. Pasolini analionyesha hilo kwa ngoma ya Wagogo, karibu na Dodoma. Maelezo yake ni kwamba zamani ngoma hiyo ilikuwa ibada, kila hatua ikiwa na maana, na kwamba sasa watu wanaicheza kwa furaha tu. Umbo limebaki, maana imebadilika, na hivyo ndivyo mizimu inavyobadilika.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Serikali yenyewe ilikuwa inafanya kazi hiyo kwa kudhamiria: Desemba 1962 Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa, na kikundi cha ngoma cha taifa kikaanzishwa, ngoma zikitoka uwanjani kijijini na kupanda jukwaani mbele ya wageni wa serikali. Hukwe Zawose, Mgogo, fundi wa ilimba na zeze, aliitwa Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1960 na akaja kuupeleka muziki wa Ugogo duniani. Lakini kupanda jukwaani hakukuwa kuaga. Ngoma ya muheme, ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani, ilikuwa na mahali pake katika unyago wa wasichana. Aliyeipiga jukwaani Ijumaa aliweza kuipiga Jumamosi kwa sababu ileile aliyoipigia bibi yake. Pasolini aliona furaha akadhani ibada imekwisha, kama alivyoona kicheko akadhani huzuni haipo.

Kuhusu mahakama, Afrika Mashariki ilimjibu kwa ukali ambao hakuna mwandishi angeuthubutu. Uganda, alikopiga sehemu ya picha zake, ilikuwa imekwisha kuchagua njia isiyo ya Athena. Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo. Mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote. Kabaka Mutesa II alikufa London, uhamishoni, Novemba 1969. Hakuna aliyeitafutia ile heshima ya kale makao chini ya mji. Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na wanajeshi ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, mchana, akaondolewa kwa gari na kuuawa. Kisa cha Aeschylus kinakwisha kwa jaji kupata kiti. Hiki cha Uganda kilifikia kwa jaji kuondolewa kitini.

Filamu haikupata bahati. Ilikuwa imekusudiwa kwa ajili ya televisheni ya taifa ya Italia, RAI, ambayo haikuitaka. Ilionyeshwa Cannes mwaka 1970 kwa wanunuzi na Venice mwaka 1973, ikakaa kabatini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975 Pasolini aliuawa huko Ostia, karibu na Roma, na ndipo mwezi huohuo ilipofika katika sinema. Mwaka 2005 hifadhi ya filamu ya mji wa Bologna iliisafisha upya, na sasa vivuli vya Kigoma vinaonekana vizuri kuliko vilivyoonekana siku vilipopigwa.

Picha za mwisho ni za wakulima. Wanalima kwa jembe la mkono, wameinama, na Pasolini anazungumza taratibu juu ya mambo ambayo bado hayajafikia mwisho, juu ya watu wanaoelekea mahali ambapo hapajulikani, na juu ya subira. Wale watoto wa shule ya Livingstone, kama walikuwa na miaka 10 siku ile, wamepita 60. Baadhi yao wapo, huenda Kigoma mjini, huenda Ujiji, wana wajukuu. Wanaweza kuwa wamesoma *Mfalme Edipode* au *Kinjeketile* darasani miaka michache baada ya kamera kuondoka, wakapokezana kusoma kwa sauti, huyu mfalme, huyu mzee wa mji, wengine wote korasi.